Malaria kwa anayerudi nyumbani likizo

Swali: Je, mtu aliyezaliwa na kukulia Tanga, ambaye sasa ameishi Uingereza kwa miaka 12, anahitaji dawa za kuzuia malaria anapokwenda nyumbani kwa wiki tatu?

Jibu: Anazihitaji, na imani kwamba damu yake imekwisha kuizoea malaria ni imani ya hatari. Kinga ambayo mwili hujijengea dhidi ya Plasmodium falciparum, yaani kimelea kinacholeta malaria kali zaidi na kilichoenea zaidi Afrika, ni kinga pungufu: haizuii maambukizi bali hupunguza makali yake, nayo hudumishwa na maambukizi ya mara kwa mara, hivyo hufifia mtu anapoishi miaka mingi mahali pasipo na ugonjwa huo. Watoto waliozaliwa ughaibuni hawana hata hiyo, jambo ambalo, kwa masikitiko, wazazi wengi hulisahau.

Dawa mchanganyiko ya atovakwoni na proguanili huanzwa siku 1 au 2 kabla ya kufika, humezwa kila siku, na huendelezwa siku 7 baada ya kuondoka, kwa kuwa vimelea hukua kwanza ndani ya ini kabla ya kuvamia chembe nyekundu za damu. Doksisaiklini, dawa nyingine ya kuzuia malaria, huendelezwa wiki 4 baada ya kuondoka. Chandarua chenye dawa bado ni lazima.

Homa ikimpata baada ya kurejea Uingereza, hata miezi kadhaa baadaye, apimwe damu siku hiyo hiyo na amweleze daktari alikotoka, kwani Uingereza mafua ndiyo hudhaniwa kwanza.