Bodi ya chesi ya kuviringisha: pima mraba, usipime bodi

Kuna mtu kaniuliza inbox kama bodi za chesi zinalipa. Zinalipa, ila ngoja niwaambie zilivyonila hela kwanza.

Mwalimu mmoja wa klabu ya chesi aliniagiza bodi 12 za mashindano ya shule. Nikaona picha kwa muuzaji wa nje, bodi ya kijani na nyeupe, imeandikwa sentimita 42, bei poa. Nikalipa. Mzigo ukaja kwenye bahasha, umekunjwa mara nne kama shuka! Ile mikunjo haikutoka. Nikalalia chini ya godoro wiki nzima, nikaanika juani, wapi. Mfalme ukimweka juu ya mkunjo anaegemea kama mlevi. Halafu mwalimu akatoa rula: kila mraba sentimita 4 na nusu tu, zilizobaki ni pembezoni nyeupe. Nilirudisha hela yake yote. Zile bodi nikaziuza mojamoja kwa wacheza drafti, bei ya kutupa.

Sasa mimi siulizi tena ukubwa wa bodi. Nauliza mraba mmoja una sentimita ngapi. Kete za mashindano, mfalme ana urefu wa kama sentimita 9 na nusu, na hizo zinataka mraba wa sentimita 5 na nusu hivi. Inayouzika sana ni ya 5.7, ambayo bodi nzima inafika kama 51. Kama huna rula, chukua wale askari wadogo wa mstari wa mbele: wanne waenee ndani ya mraba mmoja. Hicho kipimo hata shirikisho la dunia, FIDE, wanakitumia.

Angalia na herufi a mpaka h na namba 1 mpaka 8 pembeni, maana kwenye mashindano wachezaji wanaandika kila hatua. Mraba wa a1 lazima uwe wa rangi nzito. Ukiwa mweupe, achana nayo, mchapaji hajui chesi.

Kuhusu malighafi, mimi nauza zaidi vinili. Ni plastiki laini kama turubai la mabango, ila nene na haing'ai. Ikimwagikiwa soda unafuta na kitambaa kibichi, na ni nyepesi kwenye begi. Ya raba, kama kile cha kuwekea mausi ya kompyuta, inalala vizuri sana mezani, ila ni nzito na kitambaa chake kinashika madoa. Silikoni unaikunja unavyotaka na haiweki alama, ila inavuta vumbi balaa. Kuchapisha kwenye bango la kawaida nilijaribu pia: inang'aa chini ya taa na kona zinanyanyuka. Usijaribu.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akutumie video akiifungua bodi na kuitandika mezani, na aandike kabisa kwamba itasafirishwa imeviringishwa. Akisita, tafuta mwingine.

Na wewe ukimtumia mteja wa mkoani, viringisha picha ikiwa nje, siyo ndani, ili akiitandika kona zishike meza. Mimi naomba yale maboksi ya duara yanayobaki katikati ya majora ya vitambaa. Wenye maduka wanayatupa tu. Nakata sentimita 55, naziba kwa solotepu, inapanda basi bila wasiwasi.