Ukikaribia Miaka 65: Bima ya Medicare kwa Familia Zetu za Marekani

Kijitabu hiki ni cha nyumba zinazoongea Kiswahili nchini Marekani ambamo kuna mtu anayekaribia kutimiza miaka 65: baba anayeendesha teksi Minneapolis, mama anayehudumia wazee majumbani Dallas, bibi aliyeletwa na wanawe kutoka Bukavu au Moshi. Kisomeni pamoja, na mwenye Kiingereza chepesi akae na kalenda mkononi. Kwenye Medicare, kinachowaumiza watu wetu kuliko kitu kingine chochote ni tarehe.

Medicare ni bima ya afya ya serikali kuu kwa wenye miaka 65 na kuendelea, pamoja na baadhi ya watu wenye ulemavu walio chini ya umri huo. Msiichanganye na Medicaid, ambayo ni ya wenye kipato kidogo, huendeshwa na kila jimbo na mara nyingi huwa na jina lake: huko California huitwa Medi-Cal, huko Maine huitwa MaineCare. Mtu anaweza kuwa nazo zote mbili.

Miezi saba

Muda wa kujiandikisha ni miezi saba: mitatu kabla ya mwezi unaotimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Aliyezaliwa Septemba huanza Juni na mwisho wake ni Desemba. Akiomba kabla ya Septemba, bima humwanzia tarehe 1 Septemba. Akiomba baadaye, huanza mwezi unaofuata ombi lake.

Wakimbizi wengi waliandikiwa kwenye hati zao kwamba wamezaliwa tarehe 1 Januari, hata kama mama mzazi anakumbuka ilikuwa msimu wa mavuno. Medicare hufuata hati. Na aliyezaliwa tarehe 1 ya mwezi huhesabiwa kana kwamba ametimiza umri mwezi uliotangulia, kwa hiyo miezi saba ya mwenye tarehe 1 Januari ni Septemba hadi Machi, na bima inaweza kumwanzia tarehe 1 Desemba.

Kuna mtego mwingine. Kwa aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye, pensheni kamili ya Social Security hupatikana kwenye miaka 67. Wengi hudhani bima nayo inasubiri 67. Haisubiri. Aliyekwisha kuanza kupokea pensheni angalau miezi minne kabla ya kufikisha 65 huandikishwa bila kuomba, na kadi humfikia kwa posta. Ambaye hajaanza kuipokea lazima aombe mwenyewe, kwa simu, kwenye mtandao au katika ofisi ya Social Security. Mkalimani wa Kiswahili hutolewa bure. Muombeni, msimtwishe mtoto wa shule kazi ya kutafsiri mambo ya bima.

Ukichelewa bila sababu inayokubalika, kila miezi 12 kamili inakuongezea asilimia 10 kwenye malipo ya Sehemu B, yaani bima ya daktari na vipimo, na nyongeza hiyo haifutiki baada ya mwaka mmoja au miwili. Utailipa muda wote utakaokuwa na Sehemu B. Malipo ya kawaida mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi, kwa hiyo aliyechelewa miaka miwili anaongeza takribani dola 40 kila mwezi. Tena itambidi asubiri Januari hadi Machi ndipo aandikishwe.

Sababu inayokubalika ni kazi. Ikiwa wewe au mwenzi wako bado yuko kazini na ana bima ya mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, mnaweza kungoja bila adhabu. Kazi au bima hiyo ikikoma, mnapewa miezi minane ya kujiandikisha Sehemu B, na mwajiri atasaini fomu ya kuthibitisha. Bima ya COBRA anayopewa aliyeacha kazi haihesabiki hapa, wala bima uliyojinunulia kwenye soko la bima la serikali.

Kinacholipiwa na kisicholipiwa

Sehemu A ni kulazwa hospitali. Sehemu B ni daktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi: baada ya dola 283 za mwanzo wa mwaka 2026 unazotoa mwenyewe, Medicare hulipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinishwa, na 20 ni zako, bila kikomo. Sehemu D ni dawa, na mwaka 2026 hutalipa zaidi ya dola 2,100 kwa dawa zilizomo kwenye mpango wako. Meno ya kawaida, miwani na vifaa vya kusikia Medicare ya asili (Sehemu A na B) hailipii. Wala hailipii kukaa miaka katika nyumba ya kutunzia wazee.

Ile asilimia 20 inaweza kuzibwa na Medigap, bima ya kujazia inayouzwa na kampuni binafsi. Mwenye kisukari au presha asikilize hapa: katika miezi sita ya kwanza baada ya kuwa na miaka 65 na Sehemu B, kampuni haziruhusiwi kumkataa wala kumpandishia bei kwa sababu ya ugonjwa. Baada ya hapo, katika majimbo mengi zinaruhusiwa.

Njia nyingine ni Medicare Advantage, mpango wa kampuni binafsi unaobeba A, B na mara nyingi D. Una kikomo cha matumizi kwa mwaka na huenda ukagusa meno na macho, lakini kwa kawaida unakufunga kwa madaktari walio kwenye orodha yake. Mpigie daktari wako kwanza umuulize kama anaupokea. Muuzaji haruhusiwi kubisha hodi bila kualikwa, na hakuna haja ya kusaini chochote siku hiyo hiyo.

Nani anastahili

Sehemu A huwa bure kwa mwenye krediti 40, yaani takribani miaka kumi ya kazi iliyokatwa kodi. Kazi ya kulipwa mkononi bila kodi haihesabiki hata ukiifanya miaka ishirini. Mke aliyelea watoto nyumbani anaweza kutumia krediti za mumewe aliyefikisha miaka 62, ikiwa ndoa ina mwaka mmoja au zaidi.

Bibi aliyekuja na grinikadi akiwa na miaka 70 hana krediti. Atasubiri miaka mitano ya kuishi hapa mfululizo, kisha anaweza kununua. Sehemu A kwa asiye na krediti 30 ni dola 565 kwa mwezi mwaka 2026, ila anaruhusiwa kuchukua B peke yake. Wakati akingoja, soko la bima liko wazi kwake, na ana siku 60 tangu apate ukaazi.

Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwatoa kwenye Medicare wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawana grinikadi, hata wenye miaka kumi ya kazi. Mkimbizi anaweza kuomba grinikadi baada ya mwaka mmoja nchini. Mzee ambaye faili lake limelala kwenye droo alitoe leo.

Kama fedha ni ndogo, ombeni Medicare Savings Program kwenye ofisi ya Medicaid ya jimbo. Hulipia Sehemu B, huondoa adhabu ya kuchelewa, na humpatia mtu unafuu wa dawa uitwao Extra Help. Washauri wa Medicare wa mpango uitwao SHIP wapo kila jimbo, hawatozi kitu na hawauzi bima.

Ukienda nyumbani

Karibu matibabu yote nje ya Marekani hayalipiwi na Medicare. Ukiugua Kigoma au Mombasa, utalipa mwenyewe. Mipango ya Medigap yenye herufi D, G na N (D hii si Sehemu D) hulipa asilimia 80 ya dharura inayotokea ndani ya siku 60 za mwanzo wa safari, baada ya dola 250 zako, na kwa maisha yote mwisho ni dola 50,000. Anayerudi nyumbani moja kwa moja abaki na Sehemu A ya bure. Akiacha B na siku moja akarejea Marekani, miaka aliyokaa bila B itahesabiwa kwenye adhabu.