SAMAKI WENYE DERAYA NA WENZAO WAKAAO CHINI YA BAHARI

Watu wengi humfikiria samaki kuwa ni kiumbe aogeleaye daima katikati ya maji. Lakini ziko jamaa nyingi za samaki ambao maisha yao hupita juu ya mchanga, tope na mawe ya chini kabisa ya bahari. Wengine hutambaa, wengine hujizika mchangani, na wengine hutulia kimya mpaka windo liwakaribie. Yafaa kujifunza habari zao, kwa kuwa baadhi yao ni chakula cha watu wa pwani, na mmoja wao aweza kumwua mtu amkanyagaye.

Samaki mwenye deraya

Samaki wa ajabu katika hao ni yule mwenye deraya. Aina zake zijulikanazo hazipungui 40. Mwili wake haukufunikwa na magamba mepesi kama ya ngege, bali umefunikwa na vipande vya mfupa vilivyopangwa safu kwa safu, na vipande hivyo vina miiba. Kobe hubeba gamba lake mgongoni, lakini samaki huyu amevaa deraya yake tangu kichwani hata mkiani.

Mbele ya pua yake zimetokeza pembe mbili za mfupa, mfano wa uma wenye meno mawili. Chini ya kidevu ana masharubu, kama kambare wa maziwa na mito yetu, nayo humsaidia kupapasa na kutafuta chakula gizani. Tena kila pezi la ubavuni lina vijiti viwili vilivyoachana na pezi lenyewe. Vijiti hivyo huvitumia kama miguu, akatembea juu ya tope polepole.

Samaki huyu ana ndugu zake wasio na deraya kamili, nao wana vijiti vitatu kila upande. Mwaka 2024 wataalamu wa vyuo vikuu vya Harvard na Stanford huko Marekani walitangaza jambo la kushangaza juu ya ndugu hao. Miguu ya aina moja ya pwani ya mashariki ya Marekani imejaa vipele vidogo vyenye uwezo wa kuonja kama ulimi. Samaki huyo akipita juu ya mchanga huonja kwa miguu, akafukua chakula kilichofichwa bila ya kukiona. Aina nyingine ya jamaa hiyo hiyo haina vipele hivyo, nayo hutumia miguu yake kwa kutembea tu, wala haifukui.

Mahali wakaapo

Samaki wenye deraya huishi katika bahari zenye joto: Atlantiki, Hindi na Pasifiki. Aina moja ya Bahari ya Kati ilipewa jina la kitaalamu na Linnaeus mwaka 1758. Aina nyingine, yenye jina la Aden na iliyoelezwa mwaka 1907, ni ya upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi.

Hata hivyo mvuvi wa ngalawa ni nadra kumwona, kwa sababu wengi wao hukaa katika kina cha meta 100 hadi 500. Mwangaza wa jua hupungua kadiri mtu ashukavyo, na kupita meta 200 ni hafifu mno. Rangi nyekundu ndiyo itanguliayo kupotea. Kwa hiyo samaki hao, ambao wengi ni wekundu, huonekana weusi huko waliko, na adui hawatambui upesi.

Gayogayo na taa

Katika maji haba wako wenzao wajulikanao zaidi. Gayogayo akizaliwa ni samaki kama wengine, ana jicho moja kila upande wa kichwa. Akianza kukua, jicho moja huhama likavuka kichwa na kukaa karibu na la pili. Ndipo alalapo ubavu mmoja chini, na macho yote mawili yakatazama juu. Ngozi yake hubadili rangi ifanane na mchanga, kama afanyavyo kinyonga mtini.

Taa yeye amelala kwa tumbo, na kinywa chake kiko chini. Kama angevuta maji kwa kinywa hicho, angemeza mchanga. Kwa hiyo ana matundu mawili nyuma ya macho, ambayo huvuta maji safi kutoka juu na kuyapeleka kwenye matamvua.

Samaki afananaye na jiwe

Wa kuogopwa kuliko wote ni yule afananaye na jiwe. Hupatikana tangu Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika ya Mashariki mpaka visiwa vya Pasifiki, hasa penye matumbawe. Mgongoni ana miiba 13 yenye sumu. Mtu akimkanyaga, miiba humchoma na maumivu yake ni makali mno.

Aliyechomwa atolewe majini mara moja. Mguu utiwe katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yasiyoweza kubabua ngozi, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa maana joto hupunguza nguvu ya sumu. Mtu mzima wa afya ayapime maji hayo kwanza kwa mkono wake. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila ya kuchelewa. Wapitao miambani maji yakitoka ni vyema wavae viatu vyenye soli nene.

Nyavu za kukokota

Samaki wakaao chini hawana mbio za kuwakimbia wavu ukokotwao juu ya mchanga. Katika Ghuba ya Ungwana, ambako mito ya Tana na Sabaki huingia baharini, meli zilikokota nyavu kutafuta kamba, nazo zilizoa pia samaki wengi wasiotafutwa. Wavuvi wadogo walilalamika kwamba chakula chao kinapotea na nyavu zao zinakatwa. Mwaka 2006 kazi hiyo ya meli ilisimamishwa, na baadaye ikaruhusiwa tena kwa masharti. Juya likokotwalo kutoka ufukoni nalo lilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001, kwa sababu huzoa samaki wachanga na kuvunja matumbawe.

Mvuvi avuaye gayogayo mchanga leo amepata kitoweo cha mtu mmoja. Akimwacha akue na kutaga mayai, yeye na wanawe watapata cha kuvua miaka ijayo.