“Haina pombe” si sawa na “halali”

KIJANA mmoja niliyemsomesha, ambaye sasa anaishi Minneapolis, Marekani, alinipigia simu akiwa na fadhaa. “Ustadhi, nimekunywa soda ya dukani, kopo limeandikwa halina pombe. Kichwa kikawa si changu. Nimeswali Isha, wallahi sijui nilisoma nini.”

Nikamtaka anisomee kopo lote. Kwa herufi ndogo kulikuwa na maneno: miligramu 5 za THC. Hiyo ndiyo kemikali inayolevya iliyomo ndani ya bangi.

Msomaji atauliza, vipi bangi iuzwe kama soda? Mwaka 2018 sheria ya kilimo ya Marekani iliruhusu bangi ya nyuzi na mbegu, kwa sharti kuwa THC yake isizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Wafanyabiashara wakapiga hesabu. Kopo la mililita 355 lina uzito wa gramu kama 355, na asilimia 0.3 ya hapo ni zaidi ya miligramu 1,000! Miligramu 5 zikapita bila kikwazo, ilhali zinatosha kumlevya asiyezoea.

Majimbo yakagawanyika. Minnesota iliruhusu Julai 2022, miligramu 5 kwa kipimo kimoja, kwa wenye miaka 21 na kuendelea. California ikapiga marufuku Septemba 2024. Texas, Bunge la jimbo lilipitisha marufuku mwaka 2025, Gavana Greg Abbott akaikataa. Novemba mwaka huohuo ikasainiwa sheria ya nchi nzima: isizidi miligramu 0.4 kwa chombo, ianze baada ya mwaka mmoja.

Siwalaumu kwa kuhesabu. Serikali ina wajibu wa kulinda watoto, na sharti la umri ni jema. Lakini wao wanauliza “kiasi gani?”, sisi tunauliza “kinalevya?” Mtume (SAW) alifundisha kuwa kinacholevya kikiwa kingi, hata kidogo chake ni haramu. Ibn Taymiyya aliihesabu hashishi pamoja na khamri; Imam Qarafi alisema inaharibu akili lakini hukumu yake si ya khamri. Walitofautiana katika adhabu, si katika kuikataza.

Nikamwambia kijana: hukujua, huna dhambi. Ila kwa Aya ya 43 ya Surat An-Nisaa, swala usiyojua ulichosema irudie akili ikitulia. Akairudia.

Kisha akanyamaza kidogo, akauliza la pili, ambalo nadhani ndilo lililomfanya apige simu. Yeye ndiye anayepanga makopo hayo katika friji la duka analofanyia kazi. Ana mke na mtoto mchanga, na kodi ya nyumba haingoji.

Nilimshauri amwombe mwajiri ampe kazi nyingine humo dukani, na akikataliwa aanze kutafuta kwingine. Mwajiri amekataa. Bado anatafuta.

Wallahu a'lam.