Msafiri na Haki Yake

Mtu hafungi mzigo bure. Pale Levolosi, mjini Arusha, wako waendao Dar es Salaam kununua bidhaa, wako waendao kuzika, na Desemba Wachaga hurudi Kilimanjaro kula Noeli na wazee wao.

Iko pia safari ya kudai haki. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa fedha walizochanga wenyewe. Ardhi haikurudishwa mara ile, lakini dunia ilisikia.

Shida za leo ni nyingine. Mpiga debe humpokonya mama kikapu, akamwuzia tiketi ya gari lililokwisha kujaa. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku. Dereva hukimbiza gari, na abiria wote kimya, kana kwamba roho si zao! Kimya hicho ndicho tukionacho kibaya kuliko nauli za sikukuu. Basi, wazazi, nunueni tiketi ofisini mapema. Dereva akizidisha mwendo, mwambieni, hata wenzenu wakicheka. Na namba ya gari iacheni nyumbani, imeandikwa.