Udongo wenye asidi: tupime pH mbele ya kununua mbolea



Musimu A uliopita tulifanya kosa, na ni vizuri tuanze somo hili kwa kulisema. Katika kijiji kimoja cha milima ya Walungu, wamama wa kikundi kimoja walikuwa wanalalamika kama maharagi yao yanageuka manjano mbele hata ya kutoa maua. Sisi maagronomu tulifika, tukaangalia majani, tukasema: udongo umechoka, unakosa fosfori. Koperative ikawapatia DAP kwa deni, kilo 10 kwa kila jamaa, ya kulipa mu maharagi nyuma ya mavuno. Wamama waliiweka vizuri, kwa mustari, vile tulivyowafundisha. Lakini maharagi yaligeuka manjano vilevile. Kuko waliovuna mbegu zao tu na gigozi chache juu yake, na deni likabakia. Mama mumoja akatuuliza mbele ya watu wote: «Sasa ile mbolea yenu ilienda wapi?»

Hatukukuwa na jibu. Nyuma ya wiki mbili tukarudia na aparei ya kupima pH. Ikaonyesha 4,6. Mbolea haikuwa imeenda mbali, mama. Sehemu kubwa ya fosfori yake ilikuwa ingali palepale, imefungwa ndani ya udongo. Ili kuelewa ni nani aliyeifunga, inapashwa kwanza tujue asidi ni kitu gani.

Asidi na baze ziko katika jiko lenu

Neno «asidi» linaogopesha watu, wanafikiri maji ya batri ya gari. Ni kweli, ile ni asidi, tena kali sana. Lakini maji ya ndimu ni asidi pia. Kasiksi yenye kulala siku nyingi na kugeuka siki, ni asidi. Muhogo wenye kulowekwa siku tatu, maji yake yanakuwa na harufu ya kuchacha juu vidudu vidogo sana vimekula sukari ya muhogo na kutoa asidi. Ulimi unaitambua mara moja.

Baze ni upande wa pili. Maji ya majivu ni baze: ukiyashika yanateleza kama sabuni. Na haiko bure yanateleza vile. Wazee wetu walikuwa wanachoma maganda ya ndizi, wanachuja majivu yake, wanapika yale maji pamoja na mafuta ya ngazi, na sabuni inatoka. Chokaa pia ni baze, na bikarboneti wanayouza ku soko.

Tofauti yao iko wapi? Ndani ya kila asidi kuko kipande kidogo sana cha hidrojeni ambacho asidi iko tayari kukitoa. Kikiingia mu maji tunakiita ioni ya hidrojeni, wanakiandika H+. Asidi ni ile inayotoa kipande hicho. Baze ni ile inayokipokea. Ni hivyo tu. Zikikutana, moja inatoa na ingine inapokea, na ukali wa zote mbili unapunguka. Ndiyo sababu ukimwanga maji ya ndimu juu ya bikarboneti yanachemka bila moto: ile povu ni gazi ya kaboni inayotoka, na maji yanayobakia hayana tena ukali wa ndimu. Mukumbuke ile povu, tutairudilia.

pH, ao «peashi» vile wengi wanavyosema

pH ni kipimo cha kujua ioni za hidrojeni ni nyingi namna gani. Kilianzishwa mwaka 1909 na mukemia mumoja wa Danemark, Sørensen, aliyekuwa anatumika katika laboratware ya kiwanda cha pombe. (Wale wanaotengeneza kasiksi wasikubali tena kuambiwa kama kazi yao haina sayansi.) Kwa kawaida tunahesabu kutoka 0 mpaka 14. Katikati, 7, haiko asidi wala baze. Chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni baze. Maji ya ndimu iko karibu na 2. Maziwa ya ng'ombe yaliyokamuliwa sasa hivi yanakaribia 6,6. Hata maji safi ya mvua iko na asidi kidogo, karibu 5,6, sababu yanashuka yakibeba gazi ya kaboni ya hewani. Maji ya majivu yanaweza kupita 10.

Hapa kuko jambo moja ambalo watu wengi hawalishike. Namba za pH haziendi kama kilo ku mizani. Kushuka namba moja ni kuzidisha mara 10. Udongo wa pH 5 uko na ioni za asidi mara 10 kuliko udongo wa pH 6, na udongo wa pH 4 mara 100 kuliko ule wa 6. Kwa hiyo mutu akikuambia «shamba langu ni 4,6, jirani ni 5,6, ni tofauti ya moja tu», usiseme ni kidogo.

Kwa nini milima yetu imekuwa hivi

Mvua ndiyo ya kwanza. Chembe za udongo zinashikilia kalisiamu, manyeziamu na potasiamu, ambazo ndizo zinazozuia udongo usiwe na asidi. Mvua nyingi ya miaka mingi inaziosha na kuzishusha chini, kwenye mizizi haifike, na asidi inachukua nafasi yao. Mavuno ni ya pili: kila gunia la maharagi na kila fungu la majani ya ng'ombe vinabeba sehemu ya kalisiamu na potasiamu, na kama hakuna samadi inayorudi shambani, hesabu haitoshane. Ya tatu tunaisema kwa haya kidogo, juu ni sisi tunaoileta: urea na DAP. Azoti yake ikigeuzwa na vidudu vya udongo inatoa asidi. Mwaka mumoja hauoneshe kitu. Miaka kumi bila chokaa wala samadi, inaonekana.

Mashamba hayafanane lakini. Kule Rutshuru na pembeni ya Goma, kwenye udongo mupya wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, mara nyingi pH iko karibu na 6 mpaka 7. Ndugu wa kule, musinunue chokaa kwa sababu tu mumesoma somo hili! Udongo wa zamani, ule mwekundu uliooshwa sana wa milima ya Kivu ya kusini, ndio wenye shida mara nyingi.

Aliyeifunga mbolea

Udongo wote uko na alumini ndani yake, ile ile ya sufuria. Kwa kawaida imefungwa mu chembe za udongo na haisumbue mutu. Lakini pH ikishuka chini ya 5,5 hivi, inaanza kuyeyuka mu maji ya udongo, na chini ya 5 inakuwa nyingi. Alumini iliyoyeyuka ni sumu kwa mizizi. Ng'oa muharagi mumoja polepole, kwa jembe, usivute kwa mukono: utaona mizizi mifupi, minene, ya rangi ya kahawia kwenye ncha, bila ile mizizi midogo kama nywele. Muti wa namna hiyo unakauka hata jua likikaa wiki moja tu.

Ni alumini hiyo hiyo, pamoja na chuma, ndiyo inayokamata fosfori ya DAP na kuigeuza kitu ambacho muharagi hauwezi kukunywa. Mama, mbolea yako ilienda pale.

Na vile vifundo vidogo ku mizizi ya maharagi, vyenye vidudu vinavyokamata azoti ya hewa, havipendi asidi vilevile. Pasua kifundo kwa kucha: kikiwa chekundu ndani, kinatumika. Kikiwa cheupe ao kijani, ao vifundo kama hakuna, ile manjano ya majani umeipata sababu.

Si kila kilimo kinateseka sawasawa. Chai inapenda udongo wa asidi, ukiuwekea chokaa unauharibu. Muhogo unavumilia sana, viazi pia vinavumilia. Tena viazi vikipewa chokaa nyingi ngozi yao inaota upele. Maharagi na mahindi ndiyo yanayolia kwanza. Kwa maharagi tunatafuta kufika karibu 6, haiko lazima 7.

Kupima kweli

Kuko watu wanaopima kwa maji ya shu ya rangi ya zambarau: unakatakata majani, unayamwangia maji ya moto, na yale maji yanakuwa mekundu kwenye ndimu, kijani kwenye majivu. Tunapenda kuwafundisha watoto hivyo, na ni muzuri sana kwa somo. Kwa shamba haitoshe. Haiwezi kukutofautishia 4,8 na 5,5, na ni katika tofauti ile ndimo franga zenu zinapotea.

Fanyeni hivi. Tembea shambani kwa zigizagi, chukua udongo pahali 15, kina cha jembe (sentimetre 20), uweke yote mu beseni ya plastiki iliyosafishwa. Usichukue pahali palipochomwa majani wala pa zizi la zamani, na ile beseni isiwe ya majivu ao ya sabuni! Changanya, anika kwenye kivuli, toa nusu kilo, funga mu mufuko na uandike jina, kijiji na kilimo cha mwisho. Ku ofisi ya koperative tutachukua grame 20 za udongo huo na mililitre 50 za maji safi, tukoroge, tungoje, tusome ku aparei.

Kuko kitu aparei haioneshe. pH ni kama franga zilizo mu mufuko wa suruali: unaziona sasa. Lakini udongo wenye ufinyanzi mwingi na mboji nyingi umeweka asidi ingine ndani ya nyumba, mu sanduku. Ukiweka chokaa, unamaliza ile ya mufukoni, na sanduku linafunguka kujaza tena. Kwa hiyo mashamba mawili yenye pH 4,8, moja la muchanga na lingine la ufinyanzi, hayaombe chokaa sawasawa. La ufinyanzi linaomba zaidi.

Chokaa, na povu tuliyosema

Kwa udongo wa 4,6 mpaka 5, tunaanza na tani 2 za chokaa ya shamba kwa hekta. Kwa ari moja, metre 10 kwa 10, ni kilo 20. Kwa metre moja ya mraba, grame 200. Inamwangwa pote na kuchanganywa kwa jembe, wiki tatu mbele ya kupanda, mvua za kwanza zikianza kuloanisha udongo, sababu kwenye udongo mukavu haitumike. Ikiachwa juu juu, inabakia juu juu. Musiiweke siku moja na urea ao DAP, wala na samadi mbichi: azoti inageuka gazi na kuruka, ni ile harufu inayochoma pua. Kama chokaa ni ya kuchomwa, inaunguza macho na ngozi. Nguvu yake pia ni kubwa, kipimo kinapungua. Mutuulize kwanza.

Majivu ya jikoni yanafaa. Nguvu yake inabadilika kulingana na kuni, tunahesabu kilo 2 na nusu za majivu mahali pa kilo 1 ya chokaa. Yawekwe pakavu, juu mvua inaondoa potasiamu yake. Kwa shamba zima hayatoshe, lakini kwa mustari wa maharagi ao bustani ya mboga, yanatosha.

Sasa, povu. Unga mweupe wote ku soko unaitwa chokaa. Koperative moja tunayoijua ilinunua magunia ya unga ambao haukubadilisha kitu shambani. Mbele ya kulipa, weka kijiko cha unga mu sahani, mwangia maji ya ndimu. Ikichemka na kutoa povu, ni karboneti, ni chokaa ya shamba. Unga wa plasta na pemba havichemke. Chokaa iliyochomwa nayo haitoe povu sana. Ile iliyo mbichi inapata moto ukiimwangia maji, na iliyozimwa inateleza kama maji ya majivu. Usiiguse kwa mukono mutupu. Kama unga hautoe povu, haupate moto na hauteleze, muachie mwenyewe unga wake.

Wamama wa Walungu, na sisi, tumekubaliana hivi kwa musimu A huu. Koperative imesogeza deni la DAP mpaka musimu B. Kila jamaa itatenga vipande vitatu vya metre 2 kwa 2: cha kwanza bila kitu, cha pili na grame 800 za chokaa, cha tatu na kilo 2 za majivu. DAP kidogo, kipimo kimoja, kwa vyote vitatu, na mbegu ile ile. Siku ya kuvuna tutapima pamoja, kila kipande peke yake, mbele ya kununua chokaa ya shamba zima. Vikundi vingine vyenye kutaka kufanya vilevile vilete mifuko ya udongo ku ofisi mbele ya mwisho wa mwezi wa 8. Mama wa lile swali ndiye atakayeshika mizani.