Mteja mmoja, meza moja

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za Mpanda hujaa tangu asubuhi. Kijana katoka Mishamo na cheti cha kuzaliwa kwenye bahasha, mama kaja kutoka Karema kumsimamia mwanawe, mfanyabiashara anataka kuingia kwenye mfumo wa kodi, mwalimu wa Nsimbo anasubiri mtihani wake uchapwe. Kompyuta ni moja na anayeikalia ni mmoja. Kabla ya adhuhuri vichupo vya kivinjari vimebanana hadi majina yake hayasomeki, nyaraka za Word zimelaliana, na WhatsApp hainyamazi. Mtu ambaye akili yake huvutwa upesi na kila kinachowaka hapo hupata shida kweli. Nayaandika haya kwa ajili yake, ingawa mhasibu wa halmashauri na mwanafunzi wa chuo nao wataokota chao.

Madirisha hayarundikani kwa uzembe. Chukua hayo maombi ya Bodi ya Mikopo, HESLB: mwombaji hujaza taarifa kwenye mfumo, fomu huchapwa, kisha huondoka nayo kutafuta saini ya mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na wa kamishna wa viapo. Akirudi ndipo kurasa zilizosainiwa huskaniwa na kupandishwa. Hapo katikati inaweza kupita saa moja, au siku kadhaa ikiwa mdhamini yuko Majimoto. Wewe umeacha dirisha lake wazi ili usimsahau. Na wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Skrini imegeuzwa kuwa kumbukumbu, kazi ambayo haiiwezi.

Haiiwezi kwa sababu mbili. Mifumo mingi ya mtandaoni humtoa mtumiaji akikaa kimya kwa muda, hivyo ukilirudia dirisha utaambiwa uingie upya. Sababu ya pili ni umeme. Mpanda iliishi miaka mingi kwa jenereta za mafuta za TANESCO, na kila mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS anajua umeme ukikatika anabaki na nini.

Kwa hiyo anza na kaunta buku. Mteja mmoja, mstari mmoja: jina, kazi, ilipofikia, kinachofuata. “Fomu imechapwa. Akileta kurasa zenye muhuri, skani na upandishe.” Hayo yakishaandikwa, funga dirisha lake. Nywila isiingie daftarini kamwe; mwenyewe ataichapa akirudi.

Mstari huo unasaidia kichwa kuliko unavyodhani. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihama kutoka kazi ambayo hajaimaliza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule, na kazi mpya huifanya vibaya zaidi. Mwaka 2018, akiwa na Theresa Glomb, alionyesha kuwa kuandika kwa ufupi ulipoishia na utakapoanzia ukirudi huiachia akili nafasi ya kuhama kikamilifu. Kwa mtu anayevutwa upesi, dakika hiyo moja ya kuandika si ya kuruka hata foleni ikiwa ndefu.

Sasa kwenye kompyuta yenyewe. Windows 10 na 11 zinakuruhusu kuwa na meza zaidi ya moja ndani ya skrini ileile, na ni watu wachache mno wanaozitumia. Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl na D: meza mpya tupu inafunguka. Windows, Ctrl na mshale wa kulia au wa kushoto hukuhamisha kutoka meza hadi meza. Wazo hili si geni. Austin Henderson na Stuart Card wa Xerox PARC, kule California, walilieleza mwaka 1986, walipoona watumiaji wakizama kwenye madirisha mengi katika skrini ndogo. Uzuri wake ni kwamba, usipobadilisha mipangilio, ukiwa kwenye meza moja huoni madirisha ya meza nyingine, hata chini kwenye upau. Mteja aliyeketi mbele yako apewe meza yake, na kazi ya mwalimu ikae kwenye yake. Ila zisizidi tatu au nne. Zikizidi hapo umehamisha rundo tu.

Kivinjari kina mtego wake, nao ni mkubwa. Ukiwa umeingia kwenye mfumo kwa akaunti ya mteja mmoja, kufungua kichupo kipya hakukutenganishi na akaunti hiyo. Unaweza kupandisha cheti cha huyu kwenye maombi ya yule. Wengi hukimbilia dirisha fiche, Ctrl, Shift na N, na ni vizuri, lakini katika Chrome madirisha fiche yote yaliyo wazi kwa wakati mmoja hushiriki akaunti ileile. Yafunge yote kabla ya kumwita anayefuata. Kama huna budi kuhudumia wawili kwenye mfumo mmoja, mmoja awe Chrome, mwingine Firefox.

Mafaili nayo: faili linaloitwa Scan0001 ni hatari. Lipe jina la mwenyewe na kilichomo papo hapo, uliweke kwenye folda yake, na kazi ikiisha umkabidhi na ulifute. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa hata mwenye steshenari, na anayekuachia kitambulisho chake amekuamini.

WhatsApp huwezi kuifunga, kwa kuwa wateja hutumia hiyo hiyo kuleta nyaraka. Ipeleke meza ya mwisho, zima arifa zake, na uifungue kila unapomaliza mteja mmoja kabla ya kumwita mwingine. Mwenye haraka atapiga simu.

Jioni pitia madirisha yaliyobaki wazi, moja baada ya jingine. Lenye mstari daftarini, lifunge. Lisilo na mstari, liandikie kisha ulifunge. Na kama hukumbuki ni la nani, hifadhi anwani yake kwa Ctrl na D, nalo ulifunge. Ukijutia, Ctrl, Shift na T hurudisha kichupo kilichofungwa mwisho, isipokuwa kile cha dirisha fiche. Hicho hakirudi, kwa hiyo mstari wake uandikwe kwanza.